Mifuko Mitatu ya Kaka Kinyozi

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa kike. Nina kisukari kama yeye.

Alisoma hadi kidato cha pili. Shuleni aliwanyoa wenzake kwa wembe mpaka mwalimu mkuu akamwita ofisini. Tulidhani kafukuzwa, kumbe mwalimu naye alitaka kunyolewa. Mwaka 1988 alifungua saluni yake, kiti kimoja na kioo chenye ufa.

Mke alimpata hapohapo, binti alipomleta baba yake kunyolewa ndevu. Kaka alivuta muda mpaka mzee akafoka, "We kijana, unaninyoa au unazihesabu?" Walifunga ndoa Desemba 1992.

Kisukari kiligundulika mwaka 2009, baadaye presha, kisha moyo ukapanuka. Kliniki ya sukari na ya moyo zilikuwa majengo tofauti. Kaka alipenda mpangilio: dawa za sukari mfuko wake, za moyo mfuko wake, na mfuko wa tatu wa vidonge vya maumivu ya miguu alivyojinunulia dukani. Kila kliniki aliipelekea mfuko wake tu. "Nisiwachanganye madaktari," alisema. Hakuna aliyemuuliza habari za mifuko mingine, wala aliyempima figo.

Januari mwaka huu alivimba hadi viatu vikamkataa, akalazwa. Wodini niliimwaga mifuko yote kitandani. Daktari wa figo akaokota vidonge vya maumivu.

"Hivi ametumia kwa muda gani?"

"Miaka, daktari," wifi akajibu. "Si anasimama kutwa?"

Daktari akavuta kiti, akakaa. Alisema vidonge hivyo huumiza figo; mkojo ungepimwa mapema, wangeona figo zinavyoharibika, na zipo dawa ambazo zingelinda figo na moyo kwa pamoja. Zingelinda!

Alituacha Jumanne, tarehe 13 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, na mimi, ambaye miguu yangu imeanza kuvimba. Siku ya mwisho alinishika mkono: "Mdogo wangu, waambie madaktari wakuangalie wote kwa pamoja. Usiondoke mpaka wakubali."

Kaka yetu apumzike kwa amani. Jumatatu nakwenda kupimwa figo, na ninaogopa sana.