Kinyozi Aliyewasomea Wateja Wake

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Mei 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano. Mimi ninayewasomea ni kitinda mimba. Nimeonywa nisimsifu kupita kiasi, na sina nia hiyo, maana kaka alikuwa na mambo yake.

Alianza shule mwaka 1960 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kusoma alikupenda mno. Mama akimtuma dukani, alirudi ameshamaliza habari zote za gazeti lililofungiwa sabuni, na chumvi kaisahau.

Mwaka 1975 alifungua saluni ya kiti kimoja. Kila alipomaliza kunyoa kichwa, aliwasomea waliokuwa wakisubiri ukurasa mmoja au miwili kabla ya kukalisha mwingine. Akifika penye utamu, alifunga kitabu na kusema, "Kesho." Watu wazima walirudi kunyolewa nywele hazijaota. Ndiyo maana wengi wenu hapa mnamjua kwa jina la Bwana Kesho. Vitabu vinavyoanza na msiba hakuvitaka. "Mtu hata sijamjua, nimlilie?" aliuliza.

Chai aliinywa ikiwa imepoa, kwa madai kwamba ya moto ni ya wenye haraka. Katika mkate alitaka ganda tu, na sisi tukala nyama ya mkate miaka yote bila kuulizwa. Kwa kuwa kinyozi hajinyoi, kila Januari alipanda basi hadi mji asioujua, akanyolewa na kinyozi mwenzake asiyemjua, akalala usiku mmoja, akarudi. Tukimuuliza habari za huko, alijibu, "Mji mzuri, wembe mbaya." Hiyo ndiyo zawadi tuliyoletewa.

Ukuta wa mbao ulitenganisha saluni na chumba cha fundi cherehani. Kaka aligundua kwamba kila akisoma, cherehani upande wa pili inanyamaza. Akaanza kusoma ameelekea ukutani, wateja wakanung'unika kwamba wanasomewa na kisogo. Alimwoa fundi huyo Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Machi 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Ulikuwa uvimbe wa koo. Operesheni ya Juni ilimwokoa, ikamwachia mnong'ono tu. Akafunga saluni. "Walikuwa wanakuja kusikiliza," alimnong'oneza wifi yangu. "Sasa watafuata nini?"

"Fungua mlango, mume wangu," wifi alimwambia. "Wasipokuja, tutajua."

Walikuja. Muuza nyama wa jirani alichukua kitabu akawasomea wenzake, kwa namna ile ile anavyokata mifupa. Kaka alivumilia, lakini moyoni hakutulia. Alisema wanakuja kwa sababu mikono bado ipo, na ikienda nayo, nao wataenda. Nilimgombeza kwa maneno hayo. Hakunisikiliza, na lini aliwahi kunisikiliza?

Septemba 2023 ugonjwa ulirudi, ukamlaza kitandani. Jumapili moja muuza nyama na wateja wengine wanne waliingia chumbani, kila mmoja na kiti chake. Kaka aliona aibu. Aliwatazama vichwa, akanong'ona, "Nisameheni. Siwezi tena kuwanyoa."

"Nani kakwambia tumekuja kunyolewa?" muuza nyama alimjibu. "Hatukuja kunyolewa wala kusomewa. Tumekuja kwako, bwana."

Kaka aligeuza uso akalia. Walikaa naye hadi jioni, wakizungumza mpira na bei za vitu, na kila Jumapili walirudi. Sijapata kumwona ametulia vile maishani mwake. Alifariki nyumbani asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu saba na ndugu wanne, mimi nikiwemo. Ameacha pia wale wazee watano waliosimama pale nyuma, ambao nywele zimewafika masikioni. Tafadhali msiwaone wazembe. Tangu Septemba hawajakubali mtu mwingine awaguse kichwa.

Mwenyezi Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani.