Papa Léon Botamba na Kauri Zake za Japani

Mama zetu, papa zetu, majirani wa Kabondo na ninyi mliotoka Bengamisa tangu alfajiri, familia inawaomba msikilize maisha ya Papa Léon Botamba Lokangu.

Alizaliwa Bengamisa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha mwaka 1966 akaja Kisangani kwa tonton, mjomba wake, akamaliza sekondari mwaka 1972 na kuajiriwa katika duka la Mgiriki mmoja wa Makiso. Mgiriki alipofunga duka mwaka 1974, mke wake alimwachia Papa kikombe cha kauri ya Japani, chembamba hata mwanga ulipita ndani yake, kimechorwa kwa mkono kijia kinachopanda mlima na kupotea katika ukungu, naye Papa alirudi nyumbani kama mtu anayetembea usingizini.

Tangu 1979 hadi 2011 alifanya kazi ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Bangboka, na kila Jumamosi alizungukia familia zilizokuwa zikihama, akiulizia sahani kuukuu, akizigeuza kutazama alama nyekundu zilizoandikwa chini, hadi akafikisha vipande thelathini na kimoja.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa Mama Delphine, wakapata Nicole, Landry na Benie, na sote tulikua tukijua kwamba kabati lile la vyombo vyake haliguswi. Mama akimwuliza, "Léon, hii sahani iko ya kutazama tu? Donc wageni batakulia wapi?", yeye alicheka, akaendelea kufuta vumbi kwenye mabawa ya korongo waliochorwa juu yake.

Juni 2000, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini na mabomu yakaanza, alizika vyombo uani ndani ya vikwembe vya Mama, tukalala koridoni siku sita, na tulipotoka nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini ya jirani yetu Mama Aïcha ilikuwa imeungua, mume wake Zuberi amekufa, na waombolezaji wamekusanyika bila hata sahani moja. Papa alichukua jembe, akafukua, akaosha kila kipande kwa mikono yake, akavibeba hadi matangani.

"Léon, hapana, hii njo roho yako, itavunjika," Mama Aïcha alimwambia.

"Ivunjike, dada. Batu bakule kwanza."

Sita zilivunjika siku ile, hatukumsikia akilalamika, na tangu hapo kila Jumapili tulikula samaki na pondu, majani ya muhogo, juu ya milima na maua ya dhahabu ya sahani zile.

Macho yake yalififia kuanzia 2019, na alipokuwa haoni tena alikaa barazani na sahani magotini, akipapasa rangi zilizoinuka kidogo, akiwaambia wajukuu amefika wapi, darajani, langoni, ukingoni mwa ziwa, nao walimwuliza kama huko kuna baridi. Kisha figo zikachoka, akatuacha Jumanne tarehe 11 Machi 2025, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sabini na minne, bila kugawa vyombo vyake kwa yeyote, alisema tu vitumike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa Bangboka waliobeba jeneza, na majirani waliozima redio zao juma zima ili alale.

Papa, hakuna anayekuamsha sasa, pumzika kwa amani.