Kocha Aliyekuja Kuposa

Benchi la mbele ya duka la Kezia, kule Carrollton, halikuwekwa pale kwa ajili ya mazungumzo. Texas watu hawakai nje: wanashuka kwenye gari, wananunua unga na majani ya chai, wanarudi kwenye gari. Lakini Kezia alianza tabia ya kuweka thamosi ya kahawa ya tangawizi dirishani, na penye kahawa ya bure hapakosi wanaume wenye maoni. Walikuwa wanne, kila mmoja akija zamu yake ya kazi ilipomruhusu. Mwenda, dereva wa lori kutoka Meru, waliyemwita Maili Elfu. Deo, Mtanzania wa kompyuta asiyekubali jambo mpaka aonyeshwe kifungu, basi wakamwita Katiba. Siméon wa Bukavu, aliyeitwa Balozi kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa nchi zote isipokuwa hii anayoishi. Na Shem, nesi, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Dozi, kwa sababu hakuna ugonjwa uliotajwa pale bila yeye kuuandikia dawa. Jumamosi hiyo Dozi mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kocha wa chuo kimoja cha Houston aliendesha gari mpaka nyumbani kwa Shem kumtaka Sheldon, kifungua mimba wake. Kijana alikuwa mwaka wa mwisho wa high school, na katika timu ya mpira wa Kimarekani alikuwa kotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani. Kocha aliahidi ada, chumba na chakula. Akaomba jibu kabla Jumamosi haijaisha. Jumamosi yenyewe ndiyo hii, saa sita za mchana zilikuwa zinakaribia, na Shem alikuwa bado hajampigia, kwa kuwa kijiwe kilishaamua kwamba mwenye binti anayeposwa hapigi simu.

— Hebu soma tena hiyo message, Katiba akasema.

— Hakuna message. Alisema kwa mdomo. Let me know by Saturday.

— Basi si maandishi. Kisichoandikwa hakina nguvu, kaka.

— Na hata kingeandikwa, Maili Elfu akadakia, deadline ya mgeni haimfungi mwenyeji. Tulia, shemeji. Mimi nilikuwako. Ile kazi tuliifanya vizuri.

Alikuwako kweli. Maili Elfu ni kaka yake Kathure, mke wa Shem, na ndiye mjomba wa Sheldon. Kijiwe kilipopata habari kwamba kocha anakuja kilikaa kikao, kikakata shauri kwamba ugeni wa namna ile haupokelewi na baba peke yake. Mtu akija nyumbani kwako kutaka mtoto, huyo amekuja kuposa, awe ameleta ng'ombe au ameleta skolaship. Na anayeposa hajibiwi siku ya kwanza. Anakula, anasikilizwa, anaambiwa arudi tena na wazee wake. Ukikubali siku ya kwanza utaonekana umechoka kumlisha mtoto.

— Katiba, ungekuwako ungejua, Maili akaendelea. Huyo jamaa alikula chapati za Kathure tano, na ndengu, akapanguza mikono, akaanza kuji-explain. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia, bwana kocha, umeona ua kwenye bustani yetu. Lakini hii barabara inapita watu wengi, na hao watu wana macho.

— Uliyasema hayo kwa Kiingereza?

— Cha nguvu.

— Akajibuje?

— Akauliza kama kuna chuo kingine kime-offer.

— Kipo?

— Hakuna. Lakini nikacheka tu. Pale unacheka, unanyamaza. Ng'ombe mzuri hakosi watu langoni.

— Naye?

— Akaandika kitu kwenye kitabu chake, akafunga.

Shem aliikumbuka kalamu ile. Siku ile aliiangalia kwa raha, akadhani mgeni anahesabu atakachokuja nacho safari ya pili. Leo ilikuwa siku ya sita, safari ya pili haijaonekana, na sasa kalamu ile aliiwaza vingine. Alikuwa anaogopa. Alikuwa pia anaona aibu kuogopa mbele ya watu waliomsaidia.

— Mbona basi harudi? akauliza.

— Shemeji, Houston ni masaa manne kama barabara ya I-45 haijafungana. Mimi nai-drive kila wiki, najua. Na harudi peke yake, lazima atafute wazee. Unadhani wazee wa chuo wanapatikana siku moja? Kuna dean, kuna mkubwa wa makocha, kuna lawyer. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Hiyo methali inakupinga, Katiba akasema.

— Inanipinga wapi? Si ndiyo sababu wanachelewa? Wanataka wakija wamkute ni wao.

Katiba alimwangalia kwa huruma, kisha akamgeukia Shem.

— Kaka, mimi nafanya kazi na system, nikwambie kitu. Kocha hana sauti. Kompyuta ndiyo inaamua. Wanaingiza urefu, uzito, kasi, mpira umeruka yadi ngapi, mashine inatoa jibu. Ile fomu waliyomtumia kijana mwezi wa nane nani aliijaza?

— Mimi na Kathure.

— Urefu mliandika nini?

— Moja nukta nane nane.

— Mita?

— Sasa nini kingine?

Katiba akaweka kikombe chini taratibu.

— Basi tatizo tumelipata. Mashine ya Kimarekani haijui mita. Imesoma futi moja na ushee. Kwa maandishi, mwanao ni mfupi kuliko hii thamosi.

Maili Elfu akacheka mpaka akakohoa. Shem naye akacheka kidogo, huku akijua kabisa kwamba kocha alimwona Sheldon kwa macho yake, akampa mkono, tena akainua kichwa kumtazama. Hata hivyo aling'ang'ania nadharia ile kwa muda, kwa sababu fomu inaweza kusahihishwa.

— Munatafuta mbali, Balozi akasema. Ule muzungu wa Jumanne, munamukumbuka? Ule wa sambusa?

— Aliyenunua nne?

— Ine, vraiment. Akasimama pale, akatazama juu, akatazama chini, akauliza Kezia kama batu bako wengi hapa kila siku. Ule si muteja. Ule ni mupelelezi wa chuo. Wanachunguza ukoo: baba analewa? Wajomba wanapigana? Kisha ndio wanajibu.

— Jumanne, Maili Elfu akasema, na sauti ikampungua. Si ndiyo siku nilizozana na Katiba juu ya maparachichi?

— Voilà.

Kezia akatoa kichwa dirishani.

— Yule ni mtu wa usalama wa moto. Alikuja kukagua mtungi wa kuzimia moto. Risiti iko hapa.

— Ndivyo wanavyojifanya, Balozi akasema bila kutikisika. Penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia. Ungoje.

Wakacheka wote, na kwa dakika moja Shem akapumua. Kisha Balozi akamgusa goti, kwa upole ambao watu wengi hawakujua anao.

— Na kijana, iko namna gani?

— Ametulia. Ametulia sana. Tangu Jumatatu hata ile kelele yake ya kurusha mpira kwenye ua wa nyuma haipo. Anakula, anasema I'm good, anaingia chumbani.

— Adabu hiyo, Maili akasema. Anajua mambo yake yako mikononi mwa wazee.

Shem alitaka kuamini hivyo. Alikuwa ameamini hivyo juma zima. Akaitoa kadi ya kocha mfukoni, akaitazama ile namba ya Houston, akauliza kama mtu anayeuliza jambo la mzaha:

— Na nikimpigia tu?

Watatu wakamrukia kwa pamoja. Katiba akasema atakuwa ameharibu msimamo wa upande wao. Balozi akasema bei itashuka. Maili Elfu akainua kidole.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukimpigia, umemtembeza mtoto wa dada yangu.

Methali hiyo, kwa bahati mbaya, ilikaa mahali pake sawasawa. Shem akairudisha kadi mfukoni.

Hapo ndipo gari dogo jekundu lilipoegeshwa, akashuka msichana mwenye sare ya kliniki. Alikuwa Ndeshi, mpwa wa Katiba, aliyehama kutoka Alief, mtaa wa Houston, juma lililopita na aliyekuwa amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba kwa mjomba wake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Umelala salama?

— Salama, mjomba. Ufunguo tu, niko break.

Lakini Maili Elfu hajawahi kumwacha msikilizaji mpya apite hivihivi. Akamkalisha, Kezia akammiminia kahawa iliyobaki, na habari ikaanza upya: kocha, chapati, ua, barabara yenye watu wenye macho. Ndeshi alicheka mahali pote pa kuchekea. Maili alipofikia kalamu na kitabu, binti alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kidole.

— Jamani, ni kama kwetu Machame kabisa, akasema. Alipoposwa dada yangu, baba aliwaambia wale wageni, huyu mnamtaka wa nini, ni mvivu, hata ugali unamshinda. Wageni wakaduwaa.

— Umeona? Maili akawageukia wenzake. Msomi huyu, na anaelewa.

— Na dada alikuwa chumba cha pili anasikia kila neno. Ila alikuwa anacheka, maana shangazi alishamwambia mapema, usiumie, baba yako anajivunga tu.

Akanywa kahawa yake. Kisha akamtazama Shem, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

— Na Sheldon, baba, yeye nani alimweleza?

— Amweleze nini?

— Kwamba mlikuwa mnajivunga.

Maili Elfu akaangalia ndani ya kikombe. Balozi akahesabu magari ya barabarani. Katiba ndiye aliyejaribu.

— Lakini mtoto wa Kikenya si anajua tu...

Hakumaliza. Sheldon alizaliwa hapa hapa, Carrollton. Meru alifika mara mbili, mara ya kwanza akiwa wa miaka minne, na hakuwahi kukaa katika nyumba ambamo mtoto anaposwa. Hakuna aliyemweleza. Kijiwe kilikuwa kimekaa vikao vitatu juu yake, na haikumpitia mtu akilini kwamba naye ni wa kuambiwa.

Shem akaiona upya meza ile ya Jumapili. Sheldon alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Kocha alikuwa ameacha kumsikiliza mjomba, akamgeukia baba, akamuuliza yeye binafsi anaonaje mwanawe akichezea chuo chao. Na Shem, aliyefundishwa tangu utoto kwamba mtu hamsifu mwanawe mbele ya mgeni, alijibu kwa Kiingereza safi kilichoeleweka na kila mtu: bado ni mtoto, hakuna la ajabu sana kwake, wavulana wazuri wako wengi. Kijana aliinamisha macho akatazama sahani yake. Baba mtu alimwona, akafurahi moyoni kwamba amelea mtoto mwenye adabu.

Akasimama. Hakumuaga mtu. Alipofika kwenye gari alifunga mlango, akatoa simu. Hakupiga namba ya Houston.

Sheldon alipokea simu ilipoita mara ya pili. Kama kawaida yao, baba aliongea Kiswahili naye akajibu Kiingereza.

— Uko wapi?

— Nyumbani.

— Yule kocha wa Jumapili. Wewe unataka kwenda kwake?

Shem akasikia mlango wa chumba ukifungwa upande wa pili.

— Ulimwambia hapana, Dad.

— Sikumwambia hapana.

— Nilikuwa pale, Dad. Nilikuwa nimekaa hapo mezani.

Shem akafumba macho. Angeweza kuanza na desturi, na ng'ombe, na wazee wanaorudi safari ya pili. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfaa mtoto huyu sasa.

— Nisikilize, akasema. Siku ile nilisema uongo. Nilisema hakuna la ajabu kwako. Mimi tangu nipate habari kwamba anakuja sijalala vizuri kwa furaha. Nimewaambia wagonjwa wangu wote. Kuna mzee mmoja pale kazini halijui jina lake tena, lakini lako analijua.

Shem akasikia pumzi upande wa pili, pumzi aliyoijua tangu ilipokuwa ya mtoto mchanga.

— Leo ni Jumamosi, Sheldon akasema. Huenda ameshampa mtu mwingine.

— Huenda. Usitoke, nakuja. Tutampigia pamoja, na atakayeongea ni wewe. Akiniuliza mimi swali, nitalijibu kama alivyoliuliza.

Akawasha gari. Kule benchini watatu walikuwa wamesimama wanamtazama, na Maili Elfu alikuwa tayari anapapasa mfukoni, anatafuta funguo zake.

— Dad? Uncle Mwenda anakuja pia?

— Hapana, Shem akasema, akafunga milango yote kwa ndani.