Ou Jinquan na Taa ya Wodini

Marehemu Ou Jinquan alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 katika kijiji cha Haizhou, Guzhen, mtoto wa tatu wa mzee Ou Rong na bibi Liang Cui. Alikuwa mwoga. Familia ilikaa, ikajadiliana, ikaona haina sababu ya kuwadanganya watu waliomfahamu. Aliogopa ngazi na bata bukini, lakini zaidi ya vyote aliogopa mwanga unaopiga machoni. Alisema unamtazama.

Alisoma hapo Haizhou hadi 1973, dawati la nyuma, mbali na balbu.

Mwaka 1982 aliingia karakana ya taa. Alitengeneza vikombe vya alumini vinavyoizunguka balbu na kuupeleka mwanga unakotakiwa, na baadaye akachonga kalibu za kumiminia lenzi. Kila taa aliipima kwa kulala chali chini yake. Akiiona balbu, kazi inaanza upya. Mkiingia zile hoteli ambazo ukumbi wake unang'aa na hamjui mwanga unatoka wapi, shukuruni woga wake.

Tarehe 2 Oktoba 1986 alimwoa Su Yanlan. Kwa ajili ya sherehe alifunga taa zake katika ukumbi wa mababu wa ukoo. Jioni vibao vya majina ya mababu vikawaka, taa haionekani. Bibi yake bi harusi alitoka mbio, akisema marehemu wamekuja kula kabla nguruwe hajakatwa. Bwana harusi, aliyezifunga taa hizo mwenyewe, alimpita mlangoni kwa mbio.

Tarehe 20 Novemba 2023 alipooza, shingo ikagoma kugeuka. Kitanda chake hospitalini kilikuwa chini ya taa kali isiyo na kikombe. Alifumba macho, akakataa uji siku mbili. Daktari alisema asipokula hatafika mbali. Taa ni ya wodi nzima, haizimwi. Binti yake Peiyi akaja na kikombe cha karakanani, akapanda kitandani, mguu mmoja kila upande wa mbavu za baba yake.

“Mwanangu, shuka,” muuguzi alisema. “Utamuua mzee kabla ya zamu yake.”

“Shangazi, nishikie bisibisi.”

Muuguzi akaishika. Peiyi akakivika kikombe kwenye balbu, akaichukua bisibisi, akakaza. Mwanga ukahama usoni, ukatua sakafuni. Mzee akafumbua jicho moja, akakitazama kikombe.

“Umekikaza?”

“Nimekikaza, Baba.”

“Kaza tena.”

Akakaza tena. Ndipo mzee akaomba uji.

Alifariki tarehe 9 Januari 2024, kitandani hapohapo, macho wazi. Ameacha mjane wake Yanlan, binti yake Peiyi, wajukuu wawili, na dada yake Ou Huizhen wa Xiaolan.

Kikombe hakikumwangukia. Apumzike bila hofu.