Mistari Minne ya Mzee Hadubini

Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Hadubini, alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na ndiye pekee aliyepiga chafya kila msumeno ulipowashwa. Wasifu huu umeandikwa na binti yake mdogo, naye ndiye anayeusoma. Familia ilimchagua kwa sababu ana mwandiko mzuri na kwa sababu hajawahi kumjibu mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda hicho hicho, kisha sekondari ya wavulana, ambako mwalimu wa sayansi alimwazima hadubini moja ya shule kwa siku moja na kurudishiwa likizo ilipofika. Mwaka 1974 alihitimu chuo cha mafundi wa maabara, wa pili katika darasa lake. Aliyekuwa wa kwanza alimchukia mpaka alipokufa, na wenzake wanasema chuki hiyo ilikuwa ya pande zote mbili.

Januari 1975 aliajiriwa na idara ya afya ya jiji, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho. Juu ya paa palikuwa na mashine yenye ukubwa wa ndoo, inayovuta hewa mchana na usiku na kuipuliza juu ya kipande cha kioo kilichopakwa mafuta ya kunata. Kila asubuhi saa mbili alipanda ngazi, akabadilisha kioo, akakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini. Humo alihesabu chavua za nyasi na za miti, na mbegu za ukungu zinazoruka mvua ikikatika. Kanuni ilikuwa kusoma mistari minne ya kioo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kujumlisha. Saa tano redio ilitangaza, na kibao kikatundikwa nje ya ofisi: kijani, njano au nyekundu. Wenye pumu na mafua ya msimu walipanga siku yao kwa kibao hicho.

Msaidizi wake wa maabara, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba hakuna aliyependa kutembelewa na marehemu. Akikaribishwa tu, hata maji hajanywa, anavuta kabati kutoka ukutani na kumwonyesha mwenye nyumba ukungu ulioota nyuma yake. "Mnalala na huyu," anasema, "halafu mnashangaa mtoto anakohoa." Kisha analiacha kabati katikati ya chumba na kuaga. Watoto wengi wa mji huu walipona kikohozi kwa sababu ya utovu huo wa adabu, na ni haki lisemwe.

Mkewe alimpata kwa ugomvi. Mwaka 1979 mwanamke mwembamba mwenye pumu ya tangu utoto aliingia ofisini bila hodi akasema, "Ninyi mmetangaza kijani wiki nzima, mimi wiki nzima nalala nimekaa. Nani mwongo kati yetu?" Marehemu alikitoa kioo cha siku ile akakihesabu upya mbele yake. Mwongo alikuwa marehemu. Akamwambia, "Kifua chako kinahesabu vizuri kuliko mimi," na hilo ndilo neno tamu pekee ambalo watoto wake wamewahi kusikia kwamba alilisema. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Septemba 1980. Bibi harusi alishika leso, kwa kuwa bwana harusi alikuwa amelichunguza shada la maua kwa kioo cha mkononi na kuliacha nje ya mlango. Walijaliwa mabinti wawili, wa 1983 na wa 1989.

Nyumbani palikuwa na sheria moja. Siku ya nyekundu mama alifunga madirisha akabaki ndani. Siku ya njano alitoka na pampu yake ya pumu. Siku ya kijani alitoka mikono mitupu, maana marehemu aliona kubeba pampu siku ya kijani ni kumdharau yeye.

Hapa shangazi, dada wa marehemu, aliyeusoma wasifu huu kabla haujapelekwa kwa mchapaji, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ruka, nenda kwenye kustaafu." Tunamheshimu shangazi. Haturuki.

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, baada ya mvua ya siku mbili, jua liliwaka. Mwandishi wa gazeti alikuwa anakuja saa sita kumpiga picha marehemu akiwa na hadubini yake, na marehemu alitaka kuwahi kinyozi. Akasoma mstari mmoja tu, ule wa pembeni ambako mafuta hukauka mapema, akapata tisa, akazidisha kwa nne. Thelathini na sita. Kijani. Alipopitia nyumbani kubadilisha shati, mkewe alikuwa amekaa kitandani ameshika kifua. "Baba Watoto, leo kinanibana," alisema. "Sijui niende kwa mdogo wangu au niache." Marehemu alikuwa mbele ya kioo akifunga tai. "Kijani ni kijani," alisema. "Acha kudeka."

Mama akaenda. Njia ilipita pembeni ya uwanja wa mpira, na nyasi zilikuwa zimetoka kufyekwa. Wapita njia walimkuta ameegemea ukuta wa uwanja. Alifariki saa kumi na dakika kumi, kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, kabla hajaandikishwa.

Jioni ile, mbele ya ndugu na majirani, marehemu aliuliza, "Pampu ilikuwa wapi?" Ilikuwa chini ya mto wa binti yake mdogo, wa miaka tisa. Aliichukua asubuhi na mapema, kabla redio haijatangaza lolote, amtibu mwanasesere wake. Aliileta mwenyewe, akaikabidhi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Marehemu alimtazama mpaka watu wote wakamtazama. Jumatatu walimzika mama. Picha ya gazeti ilitoka siku hiyo hiyo, nywele zimechongwa vizuri.

Marehemu alistaafu mwaka 2011 na kupewa saa ya ukutani. Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kukakamaa. Daktari alisema ni ukungu na vumbi la miaka mingi, akampa naye pampu. Binti mdogo aliacha kazi ya ushonaji akahamia kwake. Alimpikia, akamwogesha, akamkunja na kumkunjua. Kitu kimoja alikatazwa. "Pampu usiishike wewe," alisema marehemu. "Mwite dada yako." Dada anakaa upande wa pili wa mji. Mara nyingine marehemu alikaa robo saa anatweta, macho yamemtoka, pampu iko juu ya meza kwa urefu wa mkono naye hana nguvu ya kuinyanyua, anamngoja dada. Binti mdogo alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kwa miaka mitatu. Aliona ni halali yake.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Dada alikuwa kwenye ngazi. Binti mdogo alikuwa amevunja amri, pampu ameifikisha mdomoni mwa baba yake, na baba alifumba mdomo akageukia ukutani.

Jumatano, akitafuta tai ya kumvika, binti mdogo alikuta sandukuni daftari la kazi la mwaka 1998, na ndani yake kipande cha kioo kilichofungwa kwa karatasi. Tarehe ni 14 Machi. Marehemu alikuwa amekihesabu tena kesho yake asubuhi, siku aliyowaambia waombolezaji kwamba anafuata funguo ofisini. Mwandiko ni wake: tisa, sitini na moja, hamsini na nane, sabini. Jumla mia moja tisini na nane. Nyekundu. Chini ameandika, "Kosa langu," akapigia mstari kwa rula.

Alijua, basi. Alijua Jumapili ile, maiti ya mkewe haijazikwa, kwamba kibao kilipaswa kuwa chekundu na mama angebaki ndani. Alijua kwamba siku ya kijani mama asingeitafuta pampu hata ingekuwa rafuni. Alirudi nyumbani akamkuta mtoto hali wala hasemi, akamwacha hivyo kwa miaka ishirini na sita. Shangazi anasema kaka yake aliona aibu kuokolewa na mkono ule. Inawezekana. Lakini aibu haimwambii mtu "mwite dada yako" kila siku, kwa sauti ile.

Marehemu ameacha mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja, na mashine iliyo juu ya paa ambayo bado inavuta hewa. Ameagiza pasiwe na maua, na agizo hilo limefuatwa. Wenye pumu wanaombwa wasimame mbali udongo unapotupwa, kwani udongo mbichi una ukungu mwingi. Hilo tumejifunza kwake. Tumejifunza pia kwamba anayesoma mstari mmoja mzuri na kuuzidisha kwa nne hajahesabu kitu. Kwa hiyo imesomwa yote minne.

Marehemu apumzike kwa amani, akiipata. Na yule mtoto wa miaka tisa ashushe mikono sasa, pampu imekwisha kupokewa, naye apumzike.