Bosibori wa Nyamarambe, Aliyeogelea kwa Kupenda

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama mmoja wa Nyamarambe. Jina lake Bosibori Anyona. Muuza ndizi. Mjane. Myahudi. Ametutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Sokoni Kisii wengi walidhani ni Msabato, kwa kuwa Jumamosi hawakumwona penye ndizi zake. Aliwacheka. "Mimi ni Myahudi. Haya, nunua ndizi!" Waumini wenzake Nyamarambe ni familia tisa tu. Tisa, wasikilizaji.

Mumewe, Job, alisombwa na mto Gucha akivuka kwenda shambani. Hakujua kuogelea. Bosibori naye hakujua. Alibaki ukingoni akipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka huohuo, akiwa na miaka hamsini, alimwendea Mitali, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini, aliyezoea kuogelea katika hoteli moja. "Nifundishe," akamwambia. Mitali anakumbuka: "Alikunywa maji wiki tatu nzima. Hakuacha."

Kisha akaanza kuwafundisha wasichana kila Jumapili, katika bwawa la samaki shambani kwake. Waliingia na magauni yao marefu. Walicheka hadi majirani wakalalamika.

Mzee Mose, kiongozi wa sinagogi lao, hakupendezwa. Bintiye Bosibori, Edinah, alikuwa majini siku mzee alipofika.

"Bosibori, muda wa mapumziko ni wa kusoma maandiko. Huu ni upuuzi."

"Mzee, wahenga wa dini yetu walisema mtoto afundishwe kuogelea."

"Walisema baba amfundishe."

"Baba yake huyu yuko kaburini. Utamfundisha wewe?"

Mzee akaondoka. Sabato iliyofuata akatangaza: wasichana wajifunze kuogelea, lakini ili wasizame tu. Wakishajua, basi. Watu walidhani Bosibori atashukuru. Akasimama katikati ya ibada.

"Sikubali. Maji yalinichukulia mume, na bado nayafurahia. Mungu aliyetupa mapumziko hakuyatoa ili tunune. Nitaogelea kwa sababu napenda."

Familia mbili ziliacha kumsalimia. Jumapili ilipofika akaingia majini. Na iliyofuata. Miaka kumi na mitatu, wasikilizaji, na wasichana zaidi ya sitini.

Mwaka jana kifua kikamlemea. Edinah anasimulia: "Daktari alimwambia mama apumzike. Akamjibu, 'Nikiwa majini, napumzika.' Tukarudi nyumbani, akafunga kilemba, akaingia."

Mazikoni Mzee Mose alizungumza kwa ufupi. "Hatukupatana hadi mwisho. Lakini wajukuu wangu wawili wanaogelea, na si mimi niliyewatuma."

Edinah, pole sana. Poleni familia zote tisa. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, ni jambo gani ulilipenda, ukaliacha kwa sababu mtu fulani aliliita upuuzi? Leo ni Jumapili. Jua bado liko juu.