Musyoka na Jicho la Mashine ya Barafu

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, Fundi Musyoka anamaliza miaka ishirini na saba ya kazi katika ushirika wetu wa maziwa ya ngamia hapa Iftin. Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu nilikuwa nikipokea maziwa mlangoni siku alipofika, na bado nipo. Shule sikusoma sana. Mkiona kosa, lisomeni hivyo hivyo.

Alikuja kutoka Mwingi akiwa mwembamba, hajui hata kutusalimia. Kikombe cha kwanza cha maziwa yetu kilimlaza siku mbili. Sasa anakunywa kabla ya chai, na Kisomali chake kinawashinda wajukuu wangu waliozama kwenye Sheng.

Kuna watu humu wanadhani ufundi ni kupiga mashine teke. Sikilizeni. Mashine ya barafu haina akili, ina sensa, yaani vidude vya kuhisi. Moja huiambia maji yamefika, nyingine barafu imenenepa vya kutosha, na ya tatu ni jicho dogo linalotazama kama sanduku la barafu limejaa. Moja ikidanganya, mashine nzima inaamini uongo. Maji yetu ya kisima yana chumvi, kwa hiyo sensa ya maji huvaa ukoko kila mwezi. Musyoka huisugua kwa siki. Hajawahi kufunga sensa mpya kabla ya kuipima ile ya zamani, mara mbili. Nyinyi mnatupa simu ikipata mkwaruzo!

Ramadhani ya mwaka juzi mashine iligoma alfajiri. Taa ilisema sanduku limejaa, na ndani hakukuwa na hata kipande. Maziwa ya akina mama sitini yalikuwa uani, na lori la Nairobi lilikuwa liondoke baada ya alasiri. Bila barafu yangefika yamechacha yote. Mwenyekiti wetu, Abdihafid, akasema mashine imekufa.

Musyoka hakubishana. Alifungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena. Akapima nyaya kwa mita: umeme mzima. Akapangusa lile jicho, kitambaa kikatoka cheusi tii. Akalipima mara mbili, lilikuwa limeungua, halioni kitu. Akalichomoa, akafunga jipya, na kabla hatujamaliza kulalamika mashine ikaanza kudondosha barafu. 

Masizi yale yalikuwa yangu. Jana yake niliingiza makaa ya moto ndani ya sanduku likiwa tupu nikalifukiza, kama tunavyofukiza vibuyu vya maziwa tangu enzi za bibi zetu. Chombo kisichofukizwa ni kichafu, nani hajui?

Abdihafid alifoka: nani ametia moshi humu? Shuka langu zima lilinuka makaa. Musyoka akasema tu, "Sensa iliungua, mwenyekiti, nimeshabadilisha. Pakieni maziwa." Kisha akapita karibu yangu, akanong'ona, akiniita bibi kwa Kisomali, "Ayeyo, wewe fukiza vibuyu. Hili sanduku niachie mimi."

Maziwa yalifika Nairobi yakiwa matamu, na zaidi yake hakuna aliyewahi kujua. Leo nasema mwenyewe, kwa sababu sikubali mtu wa namna hii abebe siri ya aibu yangu mpaka kwao Mwingi.

Asante, mwanangu. Mungu akupe afya, mvua shambani, na mke asiyechoka kukuona nyumbani kutwa.

Ayeyo Sadiyo, mapokezi ya maziwa